Njia ya maji isipangwe bila wenyeji: Somo la mvua kwa kaya za Ipogolo



Safu hii imezoea kuzungumzia choo, maji ya kunywa, kuosha mikono na chakula cha watoto. Leo tutazungumzia ramani. Atakayeuliza ramani ya mji inaingiaje katika ukurasa wa afya na usafi, ashuke Ipogolo siku ya mvua kubwa, atazame maji yanatoka wapi na yanapita kwa nani kabla hayajaufikia mto.

Anayeijua Iringa hahitaji kuelezwa sana. Mji wenyewe umekaa juu, kwenye uwanda wa majabali ulio zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ipogolo iko chini ya mteremko, kandokando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, pale ambapo abiria wengi wa mabasi ya masafa marefu huteremka kisha wakatafuta usafiri wa kupanda mjini. Bondeni unapita Mto Ruaha Mdogo, ambao ndio huohuo unaowapa wakazi wa manispaa maji ya bomba kupitia mtambo wa Ndiuka. Maji ya mvua yanayoanguka huko juu hayana pa kwenda ila kuteremka, na katika kuteremka hukuta nyumba.

Mvua zetu za Nyanda za Juu Kusini hazigawanyiki vuli na masika kama za pwani. Huanza Novemba au Desemba, zikaendelea mpaka Aprili. Ifikapo Februari ardhi imekwisha kushiba, na tone la ziada halizami tena, bali hutiririka. Hali hiyo haikuanza leo. Kilichoongezeka ni watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 151,000 katika Manispaa ya Iringa. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 202,000. Watu elfu 50 katika miaka kumi, na kila kaya inataka paa, ua, choo na njia ya kupita.

Paa moja, ndoo mia na hamsini

Tufanye hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa madrasa anaiweza. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye eneo la mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Nyumba ya kawaida yenye paa la mita za mraba 100, ikinyeshewa mvua ya milimita 30 kwa saa moja, hukusanya lita 3,000. Hizo ni ndoo 150 za lita ishirini. Kabla ya nyumba kujengwa, sehemu kubwa ya maji hayo ingenyonywa na udongo na mizizi ya nyasi. Sasa yote huteremka kwenye bati, yakapiga ua uliosakafiwa, yakatoka getini kwa kasi. Nyumba elfu moja za namna hiyo hutoa lita milioni tatu kwa saa hiyo moja, na zote zinatafuta bonde.

Kwa hiyo mtu wa juu anayesema mafuriko ni tatizo la watu wa bondeni ajitazame kwenye bati lake kwanza. Mkazi wa chini hupokea maji asiyoyakaribisha, na huyapokea pamoja na kila kilichobebwa njiani: mifuko, chupa, nepi za watoto, mchanga wa ujenzi wa jirani, na mara nyingine kinyesi cha karo lililofunguliwa makusudi usiku wa mvua ili lijisafishe bila gharama ya gari la maji taka. Huyu afunguaye karo usiku wa mvua tumwite jina gani? Anajua analofanya, ndiyo maana anangoja giza.

Choo kinapofurika

Ubaya wa mafuriko kwa upande wa afya haumo tu katika kuzama. Wanaokufa maji ni wachache wakilinganishwa na wanaougua baada ya maji kupungua. Mitaa mingi ya miji yetu hutegemea choo cha shimo. Maji ya mvua yakiingia shimoni, yaliyomo hupanda juu, yakasambaa uani, yakaingia kwenye kisima cha jirani, kwenye ndoo zilizowekwa chini, kwenye kibaraza anapotambaa mtoto. Hapo kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na minyoo hupata njia. Mwaka 1997, mwishoni mwake mvua za El Niño zikiwa zimeanza, Tanzania iliandikisha wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya elfu 40 na vifo zaidi ya elfu mbili. Agosti 2015 ugonjwa huo ulizuka tena Dar es Salaam, ukaenea mikoa mingi na kukaa kwa miaka.

Yako na magonjwa mengine ambayo watu hawayahusishi na mtaro. Panya wakifukuzwa na maji huhamia majumbani, na mkojo wao huchanganyika na maji yaliyotuama. Anayekanyaga maji hayo na kidonda mguuni anaweza kupata homa ya mgunda, ile iliyowatisha watu Lindi mwaka 2022. Mtaro ulioziba kwa taka ukikaa na maji wiki moja au mbili huwa kitalu cha mbu.

Kwa Muislamu lipo pia suala la twahara, na hili ndilo linalotofautisha safu hii na mabango ya bwana afya. Mafuqaha wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu, wamesema kuwa maji machache, yaani yasiyofika kulateni mbili (zaidi kidogo ya lita 200), hunajisika kwa kuguswa tu na najisi hata kama hayakubadilika. Yakiwa mengi hunajisika pale rangi, harufu au ladha yake inapobadilika kwa najisi hiyo. Ndoo, pipa dogo na beseni la udhu vyote vimo katika maji machache. Tope la barabarani ambalo ni taabu kuliepuka, na ambalo najisi haionekani ndani yake, limesamehewa. Lakini maji ya choo yaliyoingia sebuleni hayamo katika msamaha huo. Mkeka na zulia lazima vifuliwe mpaka dhati ya najisi iondoke, na sakafu ya udongo iondolewe uchafu kisha imwagiwe maji safi. Mama mwenye watoto watano, akiyafanya haya mara tatu kwa msimu mmoja wa mvua, huku maji ya bomba yamekatika, anajua maana ya mtaro kuliko mtu yeyote aliyeuchora.

Jahazi la tabaka mbili

Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir (r.a) kwamba Mtume (s.a.w) alipiga mfano wa watu waliopiga kura ya kukaa katika jahazi, wengine wakapata tabaka ya juu na wengine ya chini. Wa chini walipohitaji maji walilazimika kupita kwa wa juu, wakaona bora watoboe tundu sehemu yao ili wasiwasumbue wenzao. Wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Wakiwashika mikono, wote wataokoka.

Masheikh wetu huutumia mfano huu, na ni haki yao, katika kuamrisha mema na kukataza maovu. Lakini ukiusikiliza ukiwa Ipogolo utauona kwa macho. Tofauti ni kwamba katika mji wetu tundu hutobolewa mara nyingi na walioko juu: anayekata miti kwenye mteremko, anayepasua kokoto na kuacha kifusi kwenye korongo, anayejaza udongo kwenye njia ya maji ili apate futi kumi za kiwanja. Maji yanayoingia kwa wa chini yametoka kwao. Na wa chini nao wana tundu lao, pale wanapotupa taka kwenye kalavati na kujenga ukuta katikati ya mkondo.

Mto wenyewe nao haukomi Ipogolo. Ruaha Mdogo unapita Kalenga, ukashuka mpaka Pawaga, bonde la mpunga, ambako mwaka 2016 mafuriko yaliwatoa watu majumbani. Tunayoyatupa mtaroni wapo wanaoyachota mbele.

Mtu wa Makka na kamba yake

Wapo wanaodhani kuwashirikisha wananchi katika kupanga mji ni jambo lililoletwa na wafadhili, na hivyo hulitazama kwa shaka. Surat Ash-Shura, aya ya 38, inawasifu waumini ambao mambo yao huendeshwa kwa kushauriana. Na historia ya mji mtukufu wa Makka, ambao umekaa bondeni na umefurika mara nyingi, ina kisa ambacho kingefaa kusomwa kwa maafisa mipango miji wote.

Mwaka wa 17 Hijria, zama za Khalifa Umar bin Khattab (r.a), yalikuja mafuriko makubwa yaliyoitwa Umm Nahshal, jina la mwanamke aliyechukuliwa na maji hayo. Yaliingia Msikiti Mtukufu, yakaling'oa jiwe la Maqam Ibrahim na kulipeleka sehemu ya chini ya mji. Habari zikamfika Umar Madina, akasafiri mpaka Makka. Alikuwa Amirul Muuminina, angeweza kuamua tu, lakini hakuamua. Aliwauliza watu ni nani anayejua mahali hasa jiwe lilipokuwa. Akasimama al-Muttalib bin Abi Wadaa, akasema yeye anajua, kwa kuwa aliogopa siku moja litatokea jambo kama hilo, hivyo alikwisha kupima kwa kamba kutoka kwenye Maqam mpaka sehemu kadhaa za msikiti, na kamba ipo nyumbani kwake. Umar akamwambia aketi hapo hapo, kamba ikaagizwa, ikapimwa, watu wakaulizwa tena, na jiwe likarudishwa mahali pake. Kisha Umar akajenga boma la kuzuia maji sehemu ya juu ya mji, yanakotokea. Kisa hiki kimeandikwa na al-Azraqi, mwanahistoria wa Makka.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, kiongozi alikuja na uwezo wa kujenga, lakini kipimo kilitoka kwa mwenyeji aliyeishi na maji yale. Pili, boma halikujengwa pale palipoharibika bali kule maji yanakoanzia. Hayo ndiyo hasa wanayoyasema wataalamu wa leo.

Karne kumi na nne baadaye, tarehe 25 Novemba 2009, mahujaji wakielekea Mina, jirani ya Makka mji wa Jeddah ulikumbwa na mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 120. Vitongoji vilivyoumia zaidi vilikuwa vimejengwa ndani ya mabonde makavu ambayo wazee walijua ni njia za maji. Nchi ile haikupungukiwa fedha wala wahandisi.

Hanna Nassif, Tandale na Jangwani

Kwetu Tanzania tunayo mifano ya pande zote mbili. Hanna Nassif, Kinondoni, ni mtaa uliojengwa bila kupimwa, unaoteremkia Bonde la Msimbazi. Miaka ya tisini mwanzoni wakazi waliunda jumuiya yao, wakashirikiana na Chuo cha Ardhi, Shirika la Kazi Duniani, UNDP na wengineo. Badala ya kumleta mkandarasi kutoka nje, wakazi wenyewe walipewa mikataba ya kuchimba na kujenga mitaro na barabara za ndani, wanaume kwa wanawake, wakalipwa. Palipokuwa na ubishi wa mtaro upite wapi na nani apunguze ua wake, walikaa wakazungumza wao kwa wao. Mitaro ikajengwa, na maji yaliyokuwa yakikaa majumbani yakapata njia. Siyo kwamba kila kitu kilikwisha: uangalizi ulipolegea taka zilirudi mitaroni, na nyumba zilizo chini kabisa, ukingoni mwa Msimbazi, zimeendelea kufurika. Mtaro wa mtaa mmoja hauwezi kuubeba mto mzima.

Tandale ilikuja na njia nyingine. Mwaka 2011 wanafunzi wa vyuo vikuu na vijana wa mtaa waliingia vichochoroni wakaichora kata yao, nyumba kwa nyumba, choo kwa choo, mtaro kwa mtaro. Kuanzia 2015 kazi hiyo ilipanuliwa katika kata nyingi za Dar es Salaam kwa jina la Ramani Huria. Wazee na wajumbe wa mashina walitembea na vijana wakionyesha: hapa mwaka ule maji yalifika dirishani, hapa kuna kalavati limezikwa chini ya duka. Habari ambazo hazikuwemo katika faili lolote la halmashauri zilikuwemo katika vichwa vya wazee hao.

Sasa mfano wa upande wa pili. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, katikati ya bonde ambalo kila mtoto wa Magomeni na Kariakoo anajua kuwa ni la maji. Miaka michache tu kabla, Desemba 2011, mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliokaa Jangwani na Suna wakahamishiwa Mabwepande. Karakana ikajengwa hapo hapo, na tangu mabasi yaanze mwaka 2016 imefurika mara kwa mara, mabasi yakaharibika. Hakuhitajika mtaalamu kutoka ng'ambo kulitambua hilo. Mchuuzi wa mitumba wa Jangwani angelisema bure. Baadaye, mwaka 2018, Serikali na Benki ya Dunia waliwakalisha pamoja wahandisi, wanamazingira, viongozi wa mitaa na wakazi kwa miezi kadhaa kupanga Bonde lote la Msimbazi, kuanzia milima ya Pugu mpaka baharini. Ni hatua njema, japo imekuja baada ya gharama kubwa.

Tusiache kwenda kikaoni

Iringa haijawa Dar es Salaam, na hii ndiyo neema yetu. Kupanga kabla ya kujenga ni rahisi kuliko kubomoa. Tangu kituo kikuu cha mabasi kipelekwe Igumbilo, ukanda wote wa barabara kuu unatazamwa kwa jicho la biashara. Viwanja vinauzwa, na madalali hawauzi wakati wa mvua. Humpeleka mteja Agosti, bonde limekauka, nyasi za dhahabu, upepo mzuri. Ndugu yangu unayenunua, rudi hapo Februari kabla hujalipa. Ukishindwa kurudi, muulize bibi anayelima kinyungu karibu na hapo maji hufika wapi. Vinyungu vyenyewe vina mgogoro wao na sheria za vyanzo vya maji, lakini bonde lenye mboga huvumilia maji kuliko bonde lenye sebule.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya hatari ambayo haifai kugawiwa watu. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wenye ardhi na wakazi washirikishwe mipango inapoandaliwa. Iringa ina bahati nyingine: ofisi kuu ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko hapahapa mjini, hivyo mwenye swali la ukingo wa Ruaha Mdogo hasafiri mbali.

Tatizo letu Waislamu, na tuseme ukweli, ni kwamba vikao hivi hatuendi. Mwenyekiti wa mtaa akiitisha mkutano, wanakuja wachache. Sisi tupo dukani, au tunasema hayo ni mambo ya siasa. Mradi wa urasimishaji wa makazi ukiingia mtaani, kampuni ya upimaji huja na mchoro wa awali ukabandikwa ofisini kwa mtendaji. Mchoro huo ndio unaoamua barabara itapita wapi, eneo la wazi litakuwa wapi, na korongo litaachwa au litakatwa viwanja. Wakati wa kusema kuwa hapa ni njia ya maji ni huo, kabla alama za mawe hazijafukiwa. Baada ya hati kutoka, korongo lina mwenyewe, na mwenyewe ana haki mahakamani.

Mwende na nini kikaoni? Kamba ya al-Muttalib. Kila nyumba ina alama ya maji ukutani; ipimwe kwa futi, iandikwe mwaka. Vijana wenye simu wapige picha mtaro unapofurika, waandike tarehe na saa. Picha kumi za aina hiyo mezani kwa afisa mipango miji au kwa TARURA, wanaoshughulikia barabara za mitaa na mitaro yake, zina nguvu kuliko hotuba ya nusu saa. Na wanawake waende, au watengewe kikao chao kama mazingira yanataka hivyo, kwa sababu mume mara nyingi hayupo maji yanapoingia mchana. Mipango iliyopangwa na wanaume peke yao husahau mahali pa kuanikia, njia ya kisimani na choo cha watoto.

Misikiti nayo isijitoe. Tuna tabia ya kununua kiwanja cha rahisi cha msikiti au madrasa, na kiwanja cha rahisi aghalabu ni kile kilicho katika njia ya maji. Tunajenga kwa sadaka za wajane, halafu mvua ya kwanza inaingia mihrabuni. Kamati kabla haijapokea kiwanja cha waqfu ihakikishe hakitamgharimu aliyekitoa wala jirani: ukuta wa msikiti unaosukuma maji nyumbani kwa jirani ni dhara, na sharia yetu imekataza kudhuru na kulipiziana madhara hata kwa jina la ibada.

Aliyekwisha kujenga bondeni

Hili ndilo gumu, na si vizuri kulipita harakaharaka. Wapo waliokwisha kujenga ndani ya mita 60, wengine kwa kudanganywa na madalali, wengine kwa kurithi kwa babu aliyekaa hapo kabla ya sheria. Kuwaambia wahame tu ni maneno mepesi. Waliopelekwa Mabwepande walipewa viwanja, lakini wengi walirudi mjini kwa sababu riziki ilikuwa mjini. Katika Bonde la Msimbazi Serikali imelipa fidia, na bado wapo waliolalamikia kiwango.

Kwa maoni ya safu hii, anayeishi mahali pa hatari ndiye wa kwanza kuhitaji kiti katika kikao. Akikosekana, atapangiwa na wasiomjua, na habari ya kwanza atakayoipata ni alama nyekundu ya X ukutani. Akiwepo, anaweza kuuliza: je, hatari hii inaondoka kwa kuzibua na kupanua kalavati, au haiondoki? Kama haiondoki, nitakwenda wapi, karibu kiasi gani na kazi yangu, na lini? Yapo maeneo ambayo jibu ni mtaro, na yapo ambayo jibu ni kuhama, na asiyetaka kulisema la pili kwa kuogopa kupoteza kura hamtakii mema mkazi huyo. Tarehe 14 Aprili 2024, jirani zetu wa Itezi, Mbeya, waliporomokewa na tope la Mlima Kawetire, nyumba kadhaa na shule zikafukiwa. Hapo mtaro usingesaidia kitu.

Wakati mvua inanyesha

Mipango huchukua miaka na mvua haingoji. Kwa kaya za Ipogolo na mitaa jirani, yapo ya kufanya msimu huu. Bati liwekewe mfereji na maji yaingie kwenye tangi au pipa lenye mfuniko; yanayobaki yaelekezwe kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na msingi wa nyumba na mbali na choo. Walioko juu wakifanya hivi wanawasaidia wa chini kuliko wanavyodhani. Mdomo wa choo cha shimo uinuliwe kwa tofali juu ya alama ya maji ya mwaka jana, na udongo ushindiliwe kuzunguka. Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka chooni, upande wa juu wa mteremko. Mtaro wa mbele ya nyumba uzibuliwe kabla ya Novemba, na tope lililotolewa lizolewe siku hiyohiyo, maana tumezoea kulirundika kando ya mtaro ili mvua ya kwanza ilirudishe lilikotoka.

Maji yakiingia, watoto wasicheze ndani yake. Maji ya kunywa yachujwe kwa kitambaa safi kisha yachemshwe mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja au zaidi, au yatiwe dawa kwa kufuata maelekezo ya paketi. Chakula kilichoguswa na maji ya mafuriko kitupwe. Mtu akianza kuhara choo cha majimaji kama maji ya mchele, asingojee asubuhi: apewe maji ya chumvichumvi ya paketi papo hapo, na kama hayapo, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyo sawasawa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogokidogo kila anapohara huku akipelekwa kituo cha afya. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonyeshwa. Anayemhudumia aoshe mikono kwa sabuni kila mara, na nguo za mgonjwa zisifuliwe mtoni.